Nani atajenga kwenye kiwanja cha wote? Somo kutoka mnara wa San Francisco



Miezi iliyopita tulialikwa kuketi pamoja na kamati ya kanisa moja la mjini, hapa mashariki ya inchi yetu. Kiwanja cha kanisa hilo kiko karibu na soko. Wazee wa zamani walikipata wakati mji ulikuwa bado mdogo, na leo kimezungukwa na maduka na maghala pande zote. Mtu mmoja alikuwa ameleta mchoro mkubwa wa rangi: jengo la gorofa nane, vioo mbele, maduka chini, ofisi katikati, ukumbi wa ibada juu. Maneno yake yalikuwa mafupi. Kanisa litoe kiwanja, yeye atatoa pesa za kujenga, na baadaye wote watagawana kodi. Tena siku ya kutia sahihi angeweka mezani dola za kununua vyombo vya kwaya na kumaliza nyumba ya mchungaji.

Wazee walifurahi. Ndipo mama mmoja wa kamati, muuzaji wa vitenge, akauliza: “Na kama huyu ndugu akikwama kwenye gorofa ya pili, sisi tutaabudia wapi?” Hakuna aliyemjibu. Mkutano ulifungwa kwa maombi, na uamuzi ukasogezwa mbele.

Hatutaji kanisa hilo wala mtu huyo, maana jambo hili si la kanisa moja. Katika miji yetu gorofa zinapanda hata wakati wa vita. Mwenye pesa anatafuta kiwanja katikati ya mji, na mara nyingi makanisa ndiyo yenye viwanja hivyo. Kwa hiyo tunataka kulichukua swali la yule mama na kulichunguza vizuri. Mtu wa namna hii, ambaye kwa Kifaransa tunamwita promoteur na hapa tutamwita mwekezaji, anachaguliwa namna gani? Tupime nini kabla ya kumkabidhi kiwanja ambacho si cha mtu mmoja?

Tutaanzia mbali kidogo. Kuna mji mmoja ambao ulichagua mwekezaji wa mnara mrefu mbele ya macho ya watu wote. Miaka imepita, matokeo yanajulikana, na tunaweza kuyasoma bila kumsengenya jirani.

Kiwanja kando ya kituo cha mabasi

San Francisco ni mji wa Marekani, kando ya bahari ya Pasifiki. Ni mji tajiri kupita miji yetu yote ikiwekwa pamoja. Lakini mambo mawili yanaufananisha na Goma na Bukavu: ardhi yake hutetemeka, na kiwanja tunachokizungumzia kilikuwa mali ya wote.

Tangu 1939 kulikuwa katikati ya mji huo kituo kikubwa, kwanza cha treni zilizovuka daraja la Bay Bridge, halafu cha mabasi. Oktoba 1989 tetemeko kubwa lilipiga eneo hilo. Barabara kuu ya juu iliyopita kando ya bandari ilibomolewa, na kituo cha zamani kikaonekana hakifai tena. Mwaka 2001 mji na washirika wake waliunda mamlaka ya pamoja, Transbay Joint Powers Authority, ili kujenga kituo kipya. Pesa zilikuwa chache kuliko kazi. Wakaamua kwamba kiwanja kilicho kando ya kituo kitauzwa kwa mwekezaji atakayejenga mnara mrefu kuliko yote ya mji, na bei ya kiwanja isaidie kulipia kituo cha watu wote.

Tuangalie jambo hilo, maana ndilo hata makanisa yetu yanaambiwa: toeni sehemu ya ardhi yenu kwa mwenye pesa, na pesa zake zitajenga kile ambacho sadaka zenu haziwezi kujenga. Hesabu hiyo si mbaya. Kazi yote iko katika kuchagua huyo mwenye pesa, na katika kile kinachomfunga baada ya kuchaguliwa.

Mwaka 2007 makundi matatu yalifika mwisho wa mashindano. Kila kundi lilikuwa na mwekezaji na mchoraji wake. Kampuni ya Hines ilikuja na ofisi ya César Pelli, mzaliwa wa Argentina, ambaye ndiye aliyechora minara miwili ya Petronas kule Kuala Lumpur. Kundi la pili lilikuwa la Rockefeller pamoja na ofisi ya Skidmore, Owings na Merrill. La tatu lilikuwa la Forest City pamoja na Richard Rogers wa Uingereza. Michoro ilionyeshwa kwa watu wa mji, baraza la wataalamu likaipima, na bei ya kila kundi ikajulikana. Hines walisema watalipa kiwanja dola milioni 350. Forest City walitaja milioni 145. Rockefeller walitaja milioni 118.

Ndugu msomaji, wewe ungechagua nani? Bei ya Hines ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyoifuata. Tena mchoro wao ulikuwa na kitu ambacho watu walikipenda: juu ya dari ya kituo waliweka bustani ya wote, yenye ukubwa wa hektari mbili na zaidi. Baraza la wataalamu liliwapendekeza, na Septemba 2007 mamlaka ikawachagua.

Bei inaposhuka

Hapa ndipo somo linapoanza. Kuchaguliwa kwa Hines hakukuwa kulipa. Kulikuwa ni kupewa nafasi ya kuzungumza peke yao na mamlaka mpaka mkataba upatikane. Wale wawili wengine walirudi makwao. Mwaka uliofuata, 2008, mabenki makubwa ya Marekani yaliyumba, mikopo ikakauka, na hakuna aliyetaka kujenga ofisi. Mnara wenyewe ulipunguzwa urefu, kutoka mita zaidi ya 360 zilizowazwa mwanzoni hadi 326. Mazungumzo yakaenda mwaka baada ya mwaka. Kiwanja kilipouzwa mwishoni, mwaka 2013, kwa Hines na mshirika wao mpya Boston Properties, bei ilikuwa karibu dola milioni 192.

Tupige hesabu. Kutoka 350 hadi 192, zimepotea dola milioni 158, karibu 45 kwa mia. Huyo mshirika mpya ndiye aliyekuja kumiliki sehemu kubwa kabisa ya mnara, ingawa jina lake halikuwa kati ya yale yaliyoshindana mwaka 2007.

Tusikimbilie kusema kwamba walikosea kuchagua. Hata baada ya kushuka, milioni 192 ilikuwa juu ya zile bei mbili zilizokataliwa, na hakuna awezaye kuapa kwamba wale wengine nao wasingeshusha bei zao wakati wa taabu ya 2008. Mnara ulijengwa, una gorofa 61, ulifunguliwa mwanzoni mwa 2018, na leo unaitwa Salesforce Tower kwa jina la kampuni iliyopanga sehemu yake kubwa. Bustani ya juu ya kituo ipo, na maskini na tajiri wanaketi humo bila kulipa.

Lakini mambo mawili yabaki mioyoni mwetu. La kwanza: bei inayotajwa siku ya mashindano ni maneno. Inageuka kuwa pesa pale inapoingia kwenye mkataba wenye tarehe na adhabu, na pale pesa zinapofika benki. Ole wake anayepanga matumizi ya maneno. Kamati ya kanisa ikisikia “nitatoa dola elfu hamsini”, ikaagiza mabenchi siku hiyohiyo, imejenga kwenye gorofa ambayo haipo.

La pili: mara tu unapowarudisha wengine nyumbani, nguvu yako inapungua. Ulikuwa na watatu mbele yako, sasa una mmoja, naye anajua kwamba uko peke yako. Ndiyo maana masharti makubwa yanapaswa kuandikwa kabla ya kuchagua, wakati kila mmoja bado anataka kupendwa. Baada ya kuchagua ni vigumu kuomba. Kila mama anayenunua samaki sokoni anajua: ukishaweka samaki kwenye kikapu, bei haishuki tena.

Kile kilicho chini ya ardhi

Kando kidogo ya mnara huo kuna jengo lingine, Millennium Tower, la gorofa 58, lililomalizika mwaka 2009. Ni nyumba za kuishi, na bei zake zilikuwa za matajiri. Mwaka 2016 watu wa mji walijua kwamba jengo hilo linazama na kuinama. Lilikuwa limeshuka kama sentimita 40. Nguzo zake za chini zilikuwa zimeishia katika mchanga mgumu bila kufika kwenye mwamba. Wenye nyumba walishitaki. Wajenzi walisema kosa ni la mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya kituo, mamlaka ya kituo ikakataa, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwishoni ilibidi kuchimba nguzo mpya hadi kwenye mwamba ili kulishika jengo, kazi iliyogharimu mamilioni mengi ya dola.

Mnara wa Hines, ulio katika mtaa uleule na udongo uleule, nguzo zake zilipelekwa hadi mwamba, karibu mita 90 chini. Hakuna mchoro wa rangi unaoonyesha kitu hicho. Mtu anayepita barabarani anaona vioo tu. Lakini tofauti ya majengo hayo mawili iko chini, mahali ambapo macho hayafiki. Bwana wetu, ambaye alilelewa katika nyumba ya seremala, aliufundisha ulimwengu jambo hilo kwa mfano wa nyumba mbili ambao hata watoto wa Sunday School wanaujua.

Kituo chenyewe pia kilipata aibu yake. Kilifunguliwa Agosti 2018. Mwezi uliofuata mafundi waliona nyufa katika mihimili ya chuma, na kikafungwa siku hiyohiyo. Hakikufunguliwa mpaka Julai 2019. Na ile nafasi kubwa iliyochimbwa chini yake kwa ajili ya treni, hata leo treni haijafika. Utajiri hauzuii makosa. Lakini kulikuwa na watu wenye kazi ya kukagua, na waliposema “funga”, palifungwa, hata kama ilikuwa aibu mbele ya dunia yote.

Sasa tusogee karibu na kwetu, maana mfano wa Marekani peke yake unaweza kutudanganya. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la gorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka. Kando yake kulikuwa na msikiti, na watoto walikuwa wakicheza mpira pale karibu. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kiwanja kilihusu Shirika la Nyumba la Taifa, yaani mali ya wote, lililokuwa limeingia ubia na kampuni ya mtu binafsi. Iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha gorofa 10. Tunapoingia ubia na mwekezaji, gorofa zinazoongezwa juu bila ruhusa zinaongezwa juu ya jina letu pia.

Na sisi hatuna ruhusa ya kusahau. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilipiga Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kule Rusizi, Rwanda, kuta za kanisa ziliwaangukia watu waliokuwa katika ibada, na wengine walifia humo. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Goma ilitetemeka siku nyingi na nyufa zikapita katikati ya barabara na nyumba. Anayetuletea mchoro wa gorofa nane juu ya ardhi ya namna hii, swali la kwanza lisiwe vioo vitakuwa vya rangi gani. Tumwulize: nani amepima udongo? Injenieri gani anatia jina lake na sahihi yake? Vyuma na simenti vinakaguliwa na nani, na huyo mkaguzi analipwa na nani? Mkaguzi akilipwa na mwekezaji, ni vigumu aone ubaya wa mwekezaji.

Ardhi hii tunaishika namna gani?

Wengine watatuambia: “Mchungaji, San Francisco walikuwa na makundi matatu. Sisi tunaye mmoja tu, naye akiondoka, kiwanja kitavamiwa.” Hofu hiyo ni ya kweli. Kiwanja kitupu katikati ya mji kinakuwa na wenyewe wengi. Tumeona makanisa yakiamka asubuhi na kukuta ukuta wa mtu mwingine.

Lakini hofu si mshauri mzuri wa mkataba. Kwanza, mwekezaji mmoja aliyekuja mwenyewe haina maana kwamba hakuna wengine. Tangazo likibandikwa na kusomwa kanisani majuma manne, na barua zikipelekwa kwa jumuiya nyingine na kwa wafanyabiashara wa mji, mara nyingi wa pili na wa tatu wanatokea. Pili, kati ya gorofa nane na kiwanja kitupu kuna njia nyingine: ukuta mzuri, maduka machache ya chini yanayojengwa na kanisa lenyewe kidogo kidogo, kodi ikaandikwa katika daftari. Ni polepole, lakini ni yetu.

Kuna jambo la sheria ambalo kamati nyingi hazilijui. Kulingana na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Congo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki ya daima hupewa raia mwenyewe, mtu wa mwili na damu. Kanisa, kama shirika, linashika haki ya muda, ambayo kwa kawaida haipiti miaka 25 kisha inaombwa upya. Kwa hiyo kabla ya kuahidi mwekezaji miaka 30 ya kuvuna kodi, fungueni sertifika na kusoma: imeandikwa kwa jina la nani, na imebakiza miaka mingapi? Mtu hawezi kumkopesha jirani yake kile ambacho yeye mwenyewe amekikopa kwa muda mfupi zaidi.

Tena, mara nyingi kiwanja kimeandikwa kwa jina la jumuiya, na mwenye ruhusa ya kutia sahihi ni mwakilishi wa kisheria. Kamati ya parokia haina ruhusa hiyo, wala mchungaji wa mahali, hata kama anapendwa namna gani. Mkataba uliotiwa sahihi na asiye na ruhusa ni mbegu ya kesi. Na kesi za viwanja zinarithiwa: baba anazianza, wajukuu wanazimaliza.

Tusifiche pia saa tunayoishi. Tangu Januari 2025 Goma, na tangu Februari Bukavu, ziko chini ya mamlaka ambayo Kinshasa haiitambui. Mabenki ya Goma yalifungwa. Katika saa ya namna hii, mwenye pesa za mkononi anaonekana kama malaika. Lakini karatasi ya kiwanja iliyotiwa muhuri leo inaweza kuulizwa kesho na upande mwingine. Na pesa ambazo hazikupita benki hazisemi zimetoka wapi. Kanisa lina haki ya kuuliza chanzo chake, na lina wajibu pia. Hatupendi jengo la ibada lisimame juu ya machozi ya watu wa kijiji fulani.

Chungu cha Yeremia

Je, tuseme basi kwamba wakati wa vita kanisa lisiguse mambo ya ardhi? Maandiko hayasemi hivyo. Katika sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia, Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na hapo ndipo anaponunua shamba la ndugu yake kule Anathothi. Wengi tumehubiri habari hiyo kama alama ya tumaini, na ni kweli. Lakini tuangalie pia namna alivyonunua.

Alipima fedha kwa mizani, shekeli 17, haikuwa ahadi. Aliandika hati na kuitia muhuri. Aliita mashahidi, nao wakatia majina yao. Kulikuwa na nakala mbili: moja imefungwa kwa muhuri, nyingine iko wazi, ili atakayetaka kusoma asome. Alimkabidhi Baruku hati hizo mbele ya Wayahudi wote waliokuwa wameketi pale uwanjani. Kisha zikawekwa katika chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi, zaidi ya maisha ya wale waliokuwepo. Katikati ya vita, katika gereza, nabii alifanya kazi ya ardhi kwa uangalifu kuliko sisi tunavyofanya siku za amani.

Ile nakala iliyo wazi ndiyo inayotugusa zaidi. Watu wa San Francisco waliweza kuuliza “milioni 350 iko wapi?” kwa sababu bei zilisomwa hadharani mwaka 2007. Kama mkataba ungefanyika ofisini kati ya watu wawili, bei ingeshuka na hakuna angejua kwamba imeshuka. Katika makanisa yetu, mikataba mingi ina nakala moja tu, nayo iko katika begi la mtu mmoja. Akihama au akifa, kanisa linabaki na mchoro wa rangi ukutani. Na pale penye siri ndipo komisyo inapozaliwa: zawadi ndogo kwa huyu, simu mpya kwa yule, na mwishoni anachaguliwa mwekezaji aliyewapendeza watu watatu.

Maswali ya kuweka mezani

Kwa hiyo, wandugu wa kamati za majengo, mama na baba wazee wa kanisa, tunawaombeni msitie sahihi kabla ya maswali haya kupata majibu yaliyoandikwa:

1. Huyu mwekezaji amekwisha kujenga nini, wapi? Tumekwenda kuona kwa macho, na kuzungumza na wenye kiwanja cha kwanza alichojenga?

2. Kati ya pesa alizotaja, ngapi zipo leo, ngapi ni mkopo, na ngapi ni matumaini? Zitawekwa wapi kabla kanisa la zamani halijabomolewa?

3. Akikwama katikati, kiwanja kinarudi kwetu baada ya miezi mingapi, na nani analipa kusafisha? Waumini wataabudia wapi katika muda huo wote?

4. Akitaka kuleta mshirika mpya au kuuza sehemu yake, je, lazima atuulize kwanza?

5. Nani amepima udongo, nani amechora nguzo za chini, na nani anakagua bila kulipwa na mjenzi? Kibali cha ujenzi ni cha gorofa ngapi?

6. Sertifika yetu imebakiza miaka mingapi, na mwakilishi wa kisheria wa jumuiya amekubali kwa maandishi?

7. Nakala za mkataba ziko ngapi, ziko kwa nani, na ni lini zitasomwa mbele ya kanisa lote kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa?

Swali la saba tungependa lisirukwe. Mkataba wa Kifaransa cha mwanasheria, usomwe tena kwa Kiswahili siku ya Jumapili, pole pole, sharti moja baada ya lingine. Mama anayetoa sadaka ya franga mia tano ana sehemu yake katika kiwanja hicho sawa na mfanyabiashara anayetoa dola mia. Na mwekezaji ambaye hataki masharti yake yasomwe mbele ya kanisa amekwisha kujibu maswali mengine yote.

Tulirudi kwenye ile kamati majuma mawili baadaye. Mwekezaji aliulizwa, kwa heshima, kuhusu udongo, kuhusu pesa zilizopo, na kuhusu gorofa ya pili. Alisema atarudi na majibu. Mpaka tunapoandika hajarudi. Wengine katika kanisa wamekasirika, wanasema tumefukuza baraka. Huenda atarudi, nasi tutafurahi akirudi na karatasi mkononi. Katika muda huo vijana wameanza kukusanya mawe ya ukuta, na yule mama wa vitenge amechaguliwa kuwa mweka hazina wa ujenzi. Jumapili iliyopita kanisa la zamani lilijaa mpaka nje, mvua ikanyesha, na paa lilivuja mahali palepale panapovuja siku zote. Watu walisogea kidogo, wakaendelea kuimba.

Bwana awape hekima wote wanaoshika viwanja vya watu wake katika siku hizi ngumu. Amina.